Georg Ohm: Mtoto wa fundi wa kufuli anayejua kama keja yako itaungua

Ukimwona fundi wa stima akitoa ile mita yake ndogo ya kupimia, tupia jicho kile kidude cha kuzungusha kilicho katikati. Kati ya alama zilizochorwa pale kuna moja iliyokaa kama kiatu cha farasi: Ω. Wengi wetu tuliiona kwenye kitabu cha fizikia, tukaikariri usiku wa kuamkia mtihani, kisha tukaisahau tulipotoka tu getini.

Alama hiyo ni jina la mtu. Mtu aliyekuwa na njaa, aliyewahi kufukuzwa na babake kutoka chuo, aliyeandika kitabu bora maishani mwake halafu akakosa kazi kwa sababu hiyo hiyo. Na wewe unayesoma hapa ukiwa umechomeka simu, pasi na birika kwenye ekstensheni moja, unaishi chini ya sheria aliyoigundua. Ukiivunja, hakuna askari atakayekuja. Utakuja moshi.

Huyo ni Georg Simon Ohm. Kaa hapo nikupe stori yake, na tukiwa njiani nitakuonyesha kwa nini waya wa taa haufai kubeba shawa.

Nyumba yenye vumbi la chuma

Georg alizaliwa tarehe 16 Machi 1789 katika mji wa Erlangen, ulioko Ujerumani ya leo. Wakati huo Ujerumani haikuwa nchi moja, ilikuwa rundo la tawala ndogo ndogo. Babake, Johann, alikuwa fundi wa kufuli. Mamake alikuwa binti wa fundi cherehani. Hii haikuwa familia ya watu wenye majina. Ilikuwa familia ya watu wenye mikono.

Walizaliwa watoto saba lakini waliopona hadi kukua ni watatu tu: Georg, mdogo wake Martin, na dada yao Elisabeth. Mama naye alifariki Georg akiwa na miaka kumi. Fikiria nyumba hiyo. Baba mjane, kelele za tupa ikikwaruza chuma, na vijana wawili wanaosubiri chakula.

Sasa huyu mzee Johann hakuwa fundi wa kawaida. Alikuwa amejisomea mwenyewe hesabu, fizikia, kemia na hata falsafa, bila kukaa darasani. Jioni, baada ya kazi, aliwafundisha wanawe yale aliyoyachimba. Profesa mmoja wa chuo cha hapo mjini, Karl Christian von Langsdorf, aliwapima vijana hao akashangaa. Aliwalinganisha na akina Bernoulli, ile familia ya Uswisi iliyotoa wanahesabu kizazi baada ya kizazi. Na hakukosea: Martin alikuja kuwa mwanahesabu mwenye jina, na Georg ndiye huyu tunayemzungumzia.

Shika jambo moja hapa, litatufaa mbele. Georg alijifunza vitu viwili nyumbani kwa wakati mmoja: kufikiri kwa hesabu na kutengeneza vitu kwa mikono. Wengi hupata kimoja tu.

Densi, barafu na meza ya biliadi

Mwaka 1805 Georg akaingia Chuo Kikuu cha Erlangen. Hakuwa amefikisha hata miaka kumi na saba. Na alifanya kile ambacho vijana wengi hufanya wakipata uhuru mara ya kwanza. Alikuwa moto kwenye densi. Alikuwa fiti kwenye kuteleza juu ya barafu. Kwenye biliadi, ndugu wa pool yetu ya mtaani, watu walimjua. Darasani ndiko hakuonekana sana.

Habari zikamfikia mzee. Hebu jiweke katika viatu vyake: umepinda mgongo miaka yote ukikwaruza chuma ili mwanao apate nafasi ambayo wewe hukuipata, halafu unasikia yuko kwenye meza ya biliadi. Mzee alikasirika. Baada ya mihula mitatu tu, Georg akatolewa chuoni. Mwaka 1806 alitumwa Uswisi, akaanza kibarua cha kufundisha hesabu katika shule moja huko Gottstadt.

Mimi pia chuo sikumaliza, kwa hivyo hapa sitakuhubiria. Ila nataka uone kilichofuata, kwa sababu watu hupenda kusimulia habari za walioacha shule kana kwamba kuacha ndiko kulikowafanikisha. Haikuwa hivyo kwa Ohm. Baadaye alihamia Neuchâtel, akawa mwalimu wa nyumbani, na usiku alisoma peke yake. Langsdorf alimshauri asome vitabu vya mabingwa wenyewe, watu kama Euler na Laplace, badala ya kukimbilia kumfuata profesa fulani. Alisoma hivyo miaka kadhaa. Mwaka 1811 akarudi Erlangen, akafanya mtihani, na mwezi Oktoba akatunukiwa shahada ya udaktari.

Angalia hiyo ratiba. Alitoka akiwa mcheza biliadi, akarudi akiwa daktari wa hesabu, na katikati hapakuwa na mtu wa kumshika mkono.

Kusota na digrii mfukoni

Kama ulidhani digrii ilimfungulia mlango, pole. Alifundisha chuoni Erlangen mihula mitatu, malipo yakiwa ya kudondoka, akaona haendi popote. Mwaka 1813 serikali ya Bavaria ikampa kazi katika shule duni mjini Bamberg. Miaka mitatu baadaye shule hiyo ikafungwa. Akahamishiwa shule nyingine hapo hapo mjini, iliyojaa wanafunzi kupita kiasi, kusaidia kufundisha hesabu. Hakuipenda kazi ile.

Alichokifanya ni kuandika kitabu cha jiometri. Kilipotoka mwaka 1817 alikituma kwa wakubwa, mmoja wao akiwa Mfalme wa Prussia, Friedrich Wilhelm wa Tatu. Mfalme akapendezwa. Mwaka huo huo Georg akapata kazi ya kufundisha hesabu na fizikia katika shule ya sekondari mjini Cologne, shule iliyoanzishwa na Wajesuti. Mmoja wa wanafunzi waliopitia mikononi mwake pale, Dirichlet, alikuja kuwa miongoni mwa wanahesabu wakubwa wa karne ile.

Muhimu zaidi kwetu ni kwamba shule hiyo ilikuwa na maabara nzuri. Kwa mara ya kwanza mtoto wa fundi wa kufuli alikuwa na chumba, vifaa na ufunguo.

Swali la kitoto lililokosa jibu

Wakati huo stima ilikuwa kitu kipya. Volta alikuwa ametangaza betri yake mwaka 1800. Mwaka 1820 Ørsted wa Denmark akaonyesha kwamba waya wenye umeme husukuma sindano ya dira. Ulaya nzima ikachangamka. Lakini kulikuwa na swali dogo ambalo hakuna aliyekuwa amelijibu vizuri: nikichukua betri moja na nyaya tofauti, mmoja mrefu, mmoja mfupi, mmoja mnene, mmoja mwembamba, ni umeme kiasi gani utapita katika kila mmoja?

Ni swali la kitoto, kweli. Lakini ndilo swali ambalo fundi wako anatakiwa kujiuliza kila anaponunua waya dukani.

Mikono ya nyumbani sasa ikafanya kazi. Ohm aliunda kifaa chake cha kupimia: sindano ya sumaku iliyoning'inizwa juu ya waya. Umeme ukipita, sindano inageuka. Yeye anaizungusha kwa kuipinda kule juu mpaka irudi mahali pake, kisha anasoma amepinda kiasi gani. Kadiri umeme ulivyo mwingi, ndivyo anavyolazimika kupinda zaidi.

Mwaka 1825 akachapisha matokeo ya kwanza. Yalikuwa na kasoro. Hesabu yake haikuonyesha uhusiano wa kweli, na sababu kubwa ilikuwa betri za siku zile. Zilianza kwa nguvu, kisha zikalegea ukiwa bado unapima. Ni kama kupima urefu kwa kamba inayovutika.

Mhariri wa jarida la sayansi, Poggendorff, alimshauri aachane na betri, atumie chanzo kipya ambacho Seebeck alikuwa amekigundua miaka michache kabla. Ukiunganisha metali mbili tofauti, halafu upashe maungio moja joto na kupoza lile jingine, umeme mdogo hupita. Ohm akachukua bismuthi na shaba. Upande mmoja akauweka kwenye maji yanayochemka, upande wa pili kwenye barafu. Maji yanayochemka hayabadilishi joto lake, na barafu inayoyeyuka pia haibadilishi. Kwa hivyo umeme wake ukatulia tuli.

Kisha akaleta nyaya nane za shaba zenye unene sawa, mfupi wa inchi 2 na mrefu wa inchi 130. Akapima mmoja mmoja, akarudia, akarudia tena. Mwaka 1826 jibu likatoka, safi.

Sheria yenyewe, kwa lugha ya mtaani

Jibu ni hili. Umeme unaopita katika waya hutegemea vitu viwili: nguvu inayousukuma, na jinsi waya unavyoukinza. Msukumo ndio tunauita volti. Umeme unaopita tunauita mkondo, na tunaupima kwa ampia. Ukinzani ndio unaobeba jina lake, ohm. Gawanya volti kwa ohm, unapata ampia. Basi.

Na ukinzani wa waya unatoka wapi? Fikiria mrija wa soda. Mrija mrefu ni kazi kuuvuta kuliko mfupi, na mwembamba ni kazi zaidi kuliko mnene. Waya ni vivyo hivyo. Ukirefusha mara mbili, ukinzani unaongezeka mara mbili. Ukiongeza unene wa shaba mara mbili, yaani ule upana wa uso wake ukiukata, ukinzani unashuka hadi nusu.

Ndiyo maana nyaya dukani huuzwa kwa namba kama 1.5, 2.5, 4, 6 na 10. Hizo ni milimita za mraba, ukubwa wa uso wa shaba ukiikata. Si urefu, si volti, si ubora. Ni upana wa njia.

Kuna kipande kimoja Ohm hakukimaliza yeye. James Joule wa Uingereza alionyesha mwaka 1841 kwamba joto linalotokea ndani ya waya hufuata mkondo ukizidishwa kwa wenyewe, kisha ukazidishwa kwa ukinzani. Mkondo ukiwa mara mbili, joto linakuwa mara nne. Mara tatu, joto mara tisa. Sheria hizi mbili ukiziweka pamoja ndizo zinazoamua kama keja yako itaungua au la.

Sasa ingia bafuni

Tufanye hesabu ya kweli. Stima ya nyumbani Kenya ni volti 240. Chukua shawa ya papo hapo ya wati 5,400. Gawanya kwa 240, unapata ampia 22.5. Hizo si ampia za mchezo. Balbu ya LED ya wati 10 hutumia ampia 0.04 hivi. Shawa yako inavuta kama balbu 540 kwa mpigo.

Tuseme umbali kutoka boksi la breka hadi bafuni ni mita 10. Umeme huenda na kurudi, kwa hivyo ni mita 20 za shaba. Fundi wa bei rahisi akakuwekea waya wa 1.5, ule wa taa. Ukinzani wake ni kama ohm 0.23. Kidogo sana, si ndiyo? Lakini zidisha 22.5 kwa 22.5, kisha kwa 0.23. Unapata karibu wati 116. Hizo wati hazichemshi maji yako. Zinachemka ndani ya ukuta na juu ya dari, kila unapooga.

Badilisha sasa uweke waya wa 6. Ukinzani unashuka hadi ohm 0.06 hivi, na joto linabaki wati 30, tena limetawanyika kwenye shaba nene inayoweza kulivumilia. Shawa ni ile ile na maji ni yale yale. Kilichobadilika ni unene wa waya tu.

Na usidhani hatari huonekana siku ya kwanza. Plastiki ya waya huzeeka polepole ikipashwa joto kila siku. Inakauka, inapasuka, na siku moja nyaya mbili zinagusana. Siku hiyo watu husema moto umetokana na hitilafu ya umeme. Mara nyingi hitilafu hiyo ilinunuliwa dukani miaka mitatu kabla, ili kuokoa pesa kidogo.

Kwa kawaida huku kwetu mafundi wazuri hutumia waya wa 1.5 kwa taa, wa 2.5 kwa soketi, na wa 6 au 10 kwa jiko la stima na shawa, kulingana na wati na umbali. Umbali! Hapo ndipo zile nyaya nane za Ohm zinapokuja. Waya unaotosha mita 5 huenda usitoshe mita 30.

Ekstensheni iliyokunjwa na soketi inayonuka

Rudi kwenye ile ekstensheni yako. Nyingi za bei nafuu zina shaba nyembamba, 0.75 au hata chini. Ukichomeka birika la wati 2,000 na pasi ya wati 1,200 kwa pamoja, unavuta zaidi ya ampia 13. Kwenye kamba ya mita 5 ya 0.75, hilo ni joto la wati 40 hivi. Ikiwa imenyooshwa sakafuni, hewa itaipoza kiasi. Ukiikunja na kuisukuma chini ya zulia au nyuma ya kochi, joto halina pa kwenda. Umejitengenezea oveni.

Maungio mabaya ni hatari kuliko hata waya mwembamba. Waya uliolegea kwenye soketi, au nyaya mbili zilizosokotwa kwa vidole na kufungwa selotepu, zinaweza kuwa na ukinzani wa nusu ohm mahali padogo kama punje ya mchele. Pitisha ampia 10 hapo. Ni wati 50 kwenye punje ya mchele. Fundi wa redio huyeyusha risasi kwa chuma chenye nguvu kama hiyo.

Kwa hivyo soketi ikiwa na rangi ya kahawia pembeni, plagi ikitoka na joto, au ukisikia harufu ya plastiki ama samaki usiyempika, hiyo ni sheria ya Ohm inakuongelesha. Zima swichi kuu na uite fundi. Usiongeze selotepu.

Breka si adui yako

Kuna mtu kwenye ploti yenu ambaye breka yake huruka kila jioni. Anachofanya ni kumwambia fundi atoe ya 20 aweke ya 40, na maisha yanaendelea. Anadhani ametatua shida. Ukweli ni kwamba ameinyamazisha kengele.

Breka imewekwa kulinda waya. Namba yake inatakiwa kuwa chini ya kile waya unachoweza kubeba, ili breka iache kazi kabla waya haujaungua. Ukiweka breka ya 40 kwenye waya wa 2.5, sasa waya ndio utakaoacha kazi kwanza. Fyuzi ni wazo lile lile: kipande cha waya kilichowekwa kiwe dhaifu kwa makusudi, kife kwa niaba ya wenzake. Ukiibadilisha kwa msumari au karatasi ya sigara, umemwondoa mlinzi na kumpa mwizi funguo. Hata ndani ya plagi yako kuna fyuzi: ya ampia 3 inatosha taa ya meza au redio, ya 13 ni ya birika na pasi.

Lakini sikiza vizuri: breka hailindi wewe. Ngozi kavu ina ukinzani mkubwa, maelfu mengi ya ohm. Mwili ulioloa unaweza kushuka hadi ohm 1,000 hivi. Gawanya volti 240 kwa 1,000. Ni ampia 0.24, kiasi kinachotosha kabisa kusimamisha moyo. Breka ya 20 itaona 0.24 na kudhani ni balbu.

Kinachokulinda ni vitu viwili. Cha kwanza ni waya wa ardhi, ule wa kijani na manjano. Ukinzani wake ni mdogo sana, kwa hivyo shawa ikivujisha umeme, mkondo mkubwa hukimbilia pale badala ya kupitia kwako, na breka huruka mara moja. Cha pili ni kifaa ambacho mafundi hukiita RCD. Hicho hulinganisha umeme unaotoka na unaorudi, na pengo likifika miliampia 30 hukata. Kama shawa yenu huwapiga wapangaji kidogo kidogo na mmezoea kuicheka, acheni kuicheka. Kuna uwezekano mkubwa kwamba waya wa ardhi haupo au umekatika, na ninyi ndio mnaofanya kazi yake.

Kitabu kilichomnyima ugali

Tumrudie mwenyewe, maana tulimwacha mwaka 1826 akiwa na jibu mkononi. Aliomba likizo kwa nusu mshahara, akaenda Berlin alikokuwa Martin, kuandika. Mwaka 1827 kitabu kikatoka, akieleza saketi ya umeme kwa hesabu mwanzo hadi mwisho. Alitumaini kwamba chuo kikuu fulani kitamwita awe profesa.

Hakuna aliyemwita. Wasomi wengi wa Ujerumani wakati huo hawakupenda fizikia iliyojaa hesabu, na baadhi walimshambulia waziwazi. Wengine hawakumwelewa. Mwaka 1828 akaacha kazi ya Cologne, mahali pekee palipokuwa pamempa maabara, akabaki Berlin akifundisha hesabu kwa vipindi vya hapa na pale. Alikuwa karibu miaka arobaini, hana cheo, hana mke, na ana sheria moja ya ulimwengu ambayo hakuna aliyeitaka.

Miaka mitano ikapita hivyo. Mwaka 1833 akapata kazi katika chuo cha ufundi cha Nuremberg. Taratibu watu waliokuwa wakipima umeme kwa mikono yao, huko Ufaransa, Urusi na Uingereza, wakaanza kuona kwamba hesabu zake zinafanya kazi. Mwaka 1841 chama cha wanasayansi cha London, Royal Society, kikampa nishani ya Copley, tuzo yake ya heshima kubwa. Sifa zilianzia ugenini ndipo zikafika nyumbani. Hilo huku kwetu si geni.

Ile ndoto ya uprofesa wa chuo kikuu? Alihamia Munich mwaka 1849, na kiti kamili cha fizikia akakipata mwaka 1852, akiwa na miaka 63. Alikikalia miaka miwili tu. Tarehe 6 Julai 1854 alifariki, akazikwa hapo hapo Munich. Hakuwahi kuona nyumba yenye balbu, soketi wala swichi.

Mwaka 1881 wataalamu wa mataifa walikutana Paris kukubaliana vipimo vya umeme. Jina lake likawekwa kwenye ukinzani. Alama ikawa herufi ya Kigiriki, Ω, maana herufi O ingechanganywa na sifuri.

Maswali matatu ya kumuuliza fundi

Sikuambii uanze kuchokoa nyaya mwenyewe. Kazi hiyo ni ya fundi mwenye leseni ya EPRA, na swichi kuu ikiwa imezimwa. Lakini mwenye pesa ni wewe, au landilodi wako, na anayelala ndani ya hiyo nyumba ni wewe. Kwa hivyo kabla hajapanda ngazi, muulize mambo matatu.

Moja: shawa hii au jiko hili litavuta ampia ngapi, na waya unaoweka ni wa ngapi? Akikwambia waya ni waya, tafuta mwingine. Mbili: breka ya laini hiyo ni ya ngapi, na je, iko chini ya uwezo wa waya? Tatu: waya wa ardhi uko wapi, na ameupima? Hapo ndipo ile mita inapotakiwa kutoka mfukoni na kugeuzwa kwenye Ω.

Fundi mzuri hatakasirika. Atafurahi kupata mteja anayejua tofauti ya 1.5 na 6. Na akikutajia bei ya waya mnene ukaona inauma, kumbuka unalipia shaba tu. Hesabu yenyewe Georg Ohm alishailipia zamani, kwa ajira yake.